Sura Iliyofichwa ya Msuli

Sikitu Mkude alibandika lebo nyekundu kwenye sura ya saba, akabonyeza, na sura nzima ikatoweka mbele ya macho yake.

Haikuacha pengo. Sura ya nane ilijisogeza ikawa ya saba, ya tisa ikawa ya nane, na kila mahali palipoandikwa "tazama sura ya saba" pakafutika, sentensi zikaungana kama hazijawahi kutenganishwa. Hilo ndilo alilolipenda kwenye programu ile ya kuandikia miongozo tangu siku ya kwanza kuajiriwa. Ilijua kuficha kitu bila kuacha alama ya kisu.

"Tayari?" aliuliza Bwana Kobero kutoka mlangoni.

"Tayari. Msomaji akiwa amevuka miaka sabini, sura ya Mwendo Huru haipo."

"Hata akiiulizia?"

"Hata akiitaja kwa jina. Ataambiwa hakuna."

Bwana Kobero, mkuu wa usalama wa karakana, alishusha pumzi. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na tangu mwezi uliopita hakuwa amecheka. Mzee mmoja wa Kilosa alikuwa ameisoma sura hiyo, akaulegeza msuli aliojifunga akiwa katikati ya ngazi, akaanguka na kuvunjika nyonga. Kobero alikwenda hospitalini kumtazama. Alirudi na agizo moja tu: sura ifichwe.

Sikitu hakubisha. Karakana yao ilikaa kwenye mteremko wa Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, na kutoka dirishani kwake aliwaona wazee wakipanda ngazi za mawe za mlimani huku wameshika vikapu vya mboga, wanaongea bila kuhema. Miaka michache nyuma, wengi wao walikuwa hawatoki vyumbani. Kilichowainua ni msuli: nguo ya kujifunga kiunoni mpaka miguuni, iliyofumwa kwa nyuzi za katani iliyobadilishwa maabarani, nyuzi zinazosinyaa na kunyooka kama nyama ya mwili. Nguo ilisikia ngozi ikiagiza hatua, nayo ikaisaidia. Watu walilicheka jina hilo kwa furaha, maana msuli wa kujifunga na msuli wa mwilini sasa vilikuwa kitu kimoja.

Na kila msuli ulikuwa na Mwongozo wake ndani ya pindo. Ulibonyeza kifungo, ukauliza, ukajibiwa. Andiko lenyewe lilikuwa moja, refu mno, limeandikwa kwa ajili ya watu wote kwa pamoja. Lakini kila aya ilikuwa imevishwa lebo. Zenye rangi ya buluu zilikuwa za mafundi. Za kijani, za mvaaji. Za manjano zilikuwa za mlezi anayemvisha mgonjwa. Mtu alipouliza, lebo zilimtazama ni nani, ana umri gani, anaishi mlimani au tambarare, kisha zikampa kipande chake tu. Hapakuwa na watu wawili waliowahi kusomewa Mwongozo mmoja. Na kwa sheria ya miongozo, kila lebo ilibeba jina la aliyeibandika, iwe imeonyesha au imeficha, ili pawe na mtu wa kuulizwa.

Lebo nyekundu ya sura ya saba ilibeba jina la Sikitu. Alilitazama, akaona liko sawa, akachapisha toleo jipya, akaenda kula.

*

Jioni hiyo alipita Kigurunyembe kwa shangazi yake. Bibi Havijawa ndiye aliyemlea, na Jumamosi mjukuu wake alikuwa anaolewa, kwa hiyo nyumba ilikuwa imejaa mifuko ya mchele na vitambaa. Sikitu alikuta viti vimesukumwa ukutani. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya sebule, khanga juu ya msuli, redio ikipiga dansi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usisimame hapo unanizibia mwanga. Nitazame."

Ujanani Bibi Havijawa alikuwa mnenguaji wa bendi. Si mnenguaji wa nyuma. Yule wa mbele, ambaye watu walilipa kiingilio kwa ajili yake na mpiga gitaa akapiga akimtazama yeye. Sasa gitaa la solo lilianza, akainua mikono, na Sikitu akaona shingo inalegea, mabega yanaitikia, uso mzima unachangamka. Kisha kiuno kikataka kufuata. Kilikwenda kushoto upana wa kidole kimoja, na msuli ukakirudisha katikati kwa upole, kama muuguzi anavyomrudisha mgonjwa kitandani. Kikajaribu kulia. Ukakirudisha tena.

"Umeona?" shangazi alisema. "Juu naenda harusini, chini naenda kliniki!"

Sikitu alicheka mpaka akashika mlango. Shangazi naye alicheka, akabonyeza kifungo cha pindoni.

"Wewe Mwongozo, nataka kukata mauno. Nifanyeje?"

"Hakuna maelezo kuhusu jambo hilo," sauti ya pindoni ilijibu kwa adabu. "Ukihisi maumivu ya nyonga, pumzika."

"Sina maumivu. Nakuuliza, unaweza kujilegeza kidogo?"

"Hakuna maelezo kuhusu jambo hilo."

Kicheko kilimkauka Sikitu. Aliijua sauti ile ilikuwa inasoma nini. Ilikuwa inasoma mahali pale pasipo na pengo, alipopaziba yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyo.

Bibi Havijawa alizima redio. Alisimama kidogo, mkono kiunoni.

"Basi," alisema. "Mimi siku zote nilidhani nguo ndiyo inayonishika. Kumbe nguo haina zaidi ya hapo. Ni mimi ndiye nimekwisha."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayesema sukari imekwisha, kesho tutanunua. Isipokuwa hii haikuwa na kesho. Kisha akaanza kuvuta viti kuvirudisha mahali pake. "Jumamosi nitakaa na wazee wenzangu, nitakula pilau yangu. Njoo unisaidie hiki, kizito."

Sikitu alishika kiti. Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi: vuta pindo la kiunoni, lishikilie, vuta pumzi, achia. Lakini akimwambia naye akaanguka mbele ya wageni, je? Na akimwambia yeye peke yake kwa kuwa ni shangazi yake, wale wengine wanaojibiwa "hakuna" wana ndugu gani wa kuwaambia? Alivipanga viti vyote. Alikula ndizi za nazi alizowekewa, akashukuru, akaaga, na njia nzima ya kurudi kwake zile ndizi zilikuwa zimemkaa kifuani.

*

Asubuhi hakwenda mezani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Kobero.

"Mwongozo wetu umemdanganya shangazi yangu."

"Umemficha," Kobero alimsahihisha. "Kuficha si kudanganya."

"Angejua amefichwa, angekuja hapa akatugombeza, na wewe ungemkimbia, namjua. Lakini hajui. Ameambiwa hakuna. Amekwenda kuutuhumu mwili wake. Tumemnyima hata kitu cha kugombea, Bwana Kobero."

Kobero alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mimi nilikaa na yule mzee wa Kilosa," alisema. "Umeshawahi kukaa na mtu aliyevunjika nyonga kwa sababu ya kitu ulichompa wewe? Nilitaka anitukane, hakunitukana. Alisema neno moja tu: mlinipa kisu hamkunionyesha makali yako upande gani. Siwezi kulisikia tena neno hilo, Sikitu. Kwa mzee mwingine, hapana."

Sikitu akasema, taratibu, "Hakusema 'kwa nini mlinipa kisu?'"

"Nini?"

"Alisema hamkumwonyesha makali. Nimeisoma ile sura tena leo. Imeandikwa na mafundi kwa ajili ya mafundi, kisha ikavishwa lebo ya kijani hivyohivyo. Mistari mitatu: vuta, shikilia, achia. Hakuna neno ngazi. Hakuna neno sakafu yenye maji. Hakuna kwamba nguo ikishalegea itachelewa kukudaka. Sisi tulimpa sura mbovu, na dawa yetu imekuwa kuwanyang'anya wengine wote kusoma."

"Maneno hayamdaki mtu anayeanguka."

"Hayamdaki."

"Na ukiyaandika vizuri namna gani, kuna atakayeyapuuza. Wote wataulegeza. Nani atakubali kusikia kuna uhuru akasema sitaki?"

Hapo ndipo Sikitu alipoona hofu ya Kobero ilipokaa hasa. Hakuwaona wazee kuwa wajinga. Aliwaona kuwa wana njaa ya uhuru.

"Tuwaite," alisema. "Wachache. Tuwasomee sura niliyoiandika upya, ukumbini, juu ya magodoro. Uone mwenyewe wanachofanya."

"Na wakienda nyumbani ambako hakuna magodoro?"

Sikitu angeweza kuzungumzia takwimu, angeweza kuzungumzia nyuzi mpya. "Sijui," alisema.

Kobero alivaa miwani yake. "Afadhali umesema hujui. Ungesema unajua ningekufukuza. Waite."

Sikitu alifanya kazi siku hiyo kama hajawahi kufanya. Sura ilikuwa nyepesi kuandika. Alimwandikia shangazi yake, basi, kwa maneno ambayo angemwambia wakiwa jikoni. Lebo ndiyo iliyomtoa jasho. Programu ilijua kumtazama msomaji: umri wake, makazi yake, maradhi yake. Haikujua kumsikiliza. Masharti yote yalikuwa ni mambo yanayojulikana juu ya mtu kabla hajafungua mdomo. Alichotaka yeye ni sharti ambalo mtu analitimiza mwenyewe, kwa sauti yake, na anaweza kulitengua akibadili mawazo. Alijaribu kulijenga juu ya lebo ya umri, likakataa. Akalijenga juu ya ile ya mafundi, likawafungulia wasomaji hata michoro ya viwandani. Mwishowe alifungua lebo mpya kabisa, akaipa rangi ya zambarau kwa kuwa ndiyo iliyobaki, akaiita Hiari.

Mbele ya sura hiyo aliweka aya moja isiyo na lebo yoyote, ya kuonekana na kila mtu: *Hapa ipo sura inayoeleza namna ya kuulegeza msuli. Ukiulegeza unaweza kuanguka na kuumia. Ukitaka kuisikia, sema. Usipotaka, hutapungukiwa na kitu, na siku nyingine ukitaka ipo hapahapa.*

Aliisoma kwa sauti. Akafuta lebo nyekundu. Jina lake likahamia kwenye ile ya zambarau.

*

Wazee walikuja Alhamisi, wamevaa kana kwamba wanakwenda kwenye baraza. Ukumbi wa majaribio ulikuwa umetandikwa magodoro ukuta hadi ukuta. Kabla ya yote, Sikitu alimwita shangazi yake pembeni akamwambia kila kitu.

Bibi Havijawa alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo juzi ulikaa kwangu, ukala ndizi zangu, na jibu unalo."

"Ndiyo, shangazi."

"Ulinisikia nikisema nimekwisha."

"Nilikusikia."

Shangazi alimtazama kwa macho yale yale aliyomtazama nayo utotoni kila alipovunja kikombe akanyamaza. "Haya," alisema. "Nitakugombeza, usidhani nimesahau. Lakini kwanza nisomee."

Sikitu aliwasomea. Alianza na aya ya kwanza, ile ya kuuliza. Aliyefungua mdomo kwanza alikuwa Mzee Ngalomba, dereva wa treni mstaafu, mtu mnene mwenye kofia ya mkeka.

"Mimi sitaki," alisema.

Bwana Kobero, aliyekuwa amesimama karibu na mlango mikono nyuma, aligeuka. "Hutaki kuisikia, mzee?"

"Nisikie ya nini? Kichwa changu kinazunguka hata nikiwa nimekaa. Hii nguo ikinibana ndipo nalala usingizi. Niacheni hivihivi." Akakivuta kiti, akakaa mbele kabisa, akakunja mikono juu ya tumbo. "Lakini hawa nitawatazama. Hilo silikosi."

Watu walicheka. Kobero hakucheka, lakini Sikitu aliona mikono yake ikifunguka huko nyuma mgongoni.

Wengine waliisikiliza sura. Mmoja aliuliza kuhusu mvua. Mwingine alitaka kujua kama anaweza kuulegeza akiwa amekaa tu, kwa ajili ya kuswali, na Sikitu akagundua kwamba hakuwa amelifikiria hilo, akaliongeza palepale. Kisha Bibi Havijawa akapanda kwenye godoro la katikati bila kuitwa.

Alivuta pindo la kiunoni, akalishikilia. Akavuta pumzi. Akaachia.

Msuli ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayekaa baada ya kusimama siku nzima, ukamlegea miguuni. Shangazi alisimama akiwa na uso wa mshangao. Akasogeza nyonga kushoto. Ilikwenda. Ikazidi kwenda. Goti likamsaliti, mikono ikashika hewa, akaenda chini kwa ubavu, puu!

Kobero alikuwa ameshafika kabla Sikitu hajapiga hatua. Alipiga magoti juu ya godoro akainyoosha mikono yake, na Bibi Havijawa, akiwa bado amelala, akamwinulia kidole.

"Usinishike."

"Bibi, umeumia?"

"Nimeanguka. Kuumia ni kitu kingine. Nisubiri."

Alijikusanya kidogo kidogo, goti, mkono, goti lingine. Alipokuwa wima tena alijipangusa khanga, akatikisa kiuno taratibu, upande huu, upande ule, kama mtu anayepima joto la maji kwa vidole.

"Ehee," alisema. "Sasa najua mwisho wake uko wapi. Wekeni muziki."

Fundi mmoja aliweka muziki. Gitaa lilipoingia, mabega yaliitikia kama juzi, na mara hii kiuno kikafuata. Hakikwenda kama cha ujanani. Kilikwenda polepole, kikitafuta njia, kikikumbuka kona moja baada ya nyingine. Kisha kikaipata. Bibi Havijawa alifumba macho, na nyonga zake zikaandika duara juu ya duara, za wepesi na za uzito, huku nyuzi za katani zikitetemeka kwa kumfuata yeye badala ya kumwongoza. Mafundi waliacha meza zao wakaja mlangoni. Mzee Ngalomba alipiga kelele, "Mshikeni huyo mama asipae!" na Bwana Kobero, ambaye bado alikuwa amepiga magoti pale alipoachwa, alikuwa anapiga makofi kwa mdundo bila kujua kwamba anapiga.

Wimbo ulipoisha shangazi aliurudisha msuli wake kwenye Mwendo wa Kulinda, ule wa kumshika, mwenyewe, akashuka kwenye godoro, akamfuata Sikitu.

"Sasa," alisema akihema, macho yanang'aa. "Tuje kwenye zile ndizi zangu."

*

Toleo lilichapishwa Ijumaa. Bwana Kobero aliomba jina lake liwekwe kwenye lebo ya zambarau pamoja na la Sikitu. "Akianguka mtu," alisema, "tutakwenda kumtazama wote wawili."

Jumamosi mchana, ukumbi wa harusi ukiwa umefurika, bwana na bibi harusi wakiwa wamekaa kwa heshima zote, bendi ilimwita Bibi Havijawa, nyanya wa bibi harusi. Sikitu alikuwa amesimama kando akimtazama akiingia uwanjani pale simu yake ilipotetemeka. Namba ngeni. Ilikuja kupitia Mwongozo. Mtu alikuwa ameuliza jina la mwenye lebo.

Sikitu alijipenyeza katikati ya watu akatoka nje, kwenye ua uliojaa masufuria, akaziba sikio moja.

"Ndiye wewe Sikitu Mkude?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, iko mbali.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo. Uko wapi? Umeanguka?"

"Marahaba. Nianguke kwa lipi? Nimekaa kibarazani kwangu, Mahenge huku. Hii nguo imeniuliza kama nataka kusikia habari ya kuilegeza. Nikaiambia sitaki."

"Ndiyo, mama." Sikitu hakuwa na uhakika anajibu nini. "Hakuna ubaya. Ni sawa kabisa."

"Najua ni sawa, ndiyo maana nimesema. Nimepiga kukuambia kwamba imeniuliza." Mwanamke alikohoa kidogo, kisha akacheka. "Mwanangu, watoto wangu ni wema, wananilisha, wananivisha. Lakini kuniuliza? Wamekwishaniamulia kila kitu. Leo nguo imeniuliza, nami nikajibu, ikaniambia sawa. Nikasema nimpigie aliyeiandika. Hiyo kelele ni ya nini huko?"

"Ni harusi, mama. Shangazi yangu anacheza. Naye ana msuli."

"Ameulegeza?"

"Ameulegeza."

"Eti! Basi iinue hiyo simu, nisikie."

Sikitu alirudi mlangoni. Ndani watu walikuwa wamesimama juu ya viti, gitaa likipanda, na hakumwona shangazi yake kabisa, aliona tu duara la watu likifunguka na kufunga kufuata mahali alipo. Alifungua spika, akainua simu juu kadiri mkono ulivyofika, akaishikilia hapo mpaka bega likaanza kumuuma. Na katikati ya kelele zile zote, kutoka kiganjani mwake, kikaja kigelegele chembamba, kirefu, kilichotoka Mahenge.